Semeni na Zimwi la Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye homa. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na swali.

Na jibu lake je?

Lilifichwa.

Lilifichwa na nani?

Tuambie wewe, bibi.

Haya, sogeeni. Tabia, acha kuchokoa moto. Leo nasimulia nimekasirika, nawaambia mapema, msije mkasema bibi kaamkia upande mbaya. Mchana huu nimemsikia mtu mzima na ndevu zake anaulizwa na mwanawe, "Baba, mjusi akikatika mkia unaota tena, mbona kidole cha mtu hakioti?" Swali zuri kama nini. Mnajua alijibu nini? Konzi. Konzi la utosini. Basi kaeni mnisikilize, na huyo mwenye ndevu kama yuko karibu naye asikilize.

Hapo zamani palikuwa na kijiji kikiitwa Mavumbini. Nje ya kijiji, mbugani, palikuwa na kichuguu. Sisemi vichuguu hivi vya kujikwaa mkienda kuchanja kuni. Hiki kilikuwa kirefu kuliko nyumba, na ubavuni kilikuwa na tundu ambalo mtu mzima angeingia ameinama.

Mnajua kichuguu hujengwa na mchwa. Na mchwa wengine huota mabawa wakawa kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini wengi wengi, watu wakawaokota, wakawakaanga kwa chumvi, wakala na ugali. Mate yanakutoka, Tabia, nakuona.

Basi watu wa Mavumbini walikuwa na desturi yao. Mvua ya kwanza ikinyesha, watu wazima walibaki majumbani, na watoto ndio waliotumwa kichuguuni na vikapu. Eti mikono ya watoto ni myepesi kuokota. Na kila mwaka, nawaambia kila mwaka, walikwenda watoto wengi na akapungua mmoja.

Mzazi akiuliza mwanawe yuko wapi, Jumbe Kondo, mkubwa wa kijiji, alisema, "Mvua imemchukua. Ni mwiko kumlilia." Watu wakanyamaza. Wakakaanga kumbikumbi wao, wakala, wakalala. Nikifika hapa kila mara natamani kumzaba mtu kibao.

Kichuguu kile kilikuwa na miiko mitatu. Usikipige. Usikikalie. Usikiulizie. Mtoto alifundishwa hiyo kabla hajajua jina la baba yake.

Sasa, katika kijiji hicho alikuwepo msichana anaitwa Semeni. Semeni hakuwa mzuri sana wala hakuwa mbaya, hakuwa mvivu wala hakuwa hodari. Alikuwa na jambo moja tu, kuuliza. Akiona kitu haachi. Alikuwa na mdogo wake, Chande, mtoto wa kushikwa mkono, na huyo alimpenda kuliko macho yake.

Siku moja Semeni aliona kijia cha udongo kimepanda ukutani kwao, kazi ya mchwa. Akamwuliza mama yake, "Mama, mbona mchwa hawatembei nje kama siafu? Mbona wanajijengea dari kwanza ndio wapite?"

Mama akasema, "Fagia."

Akafagia. Lakini kabla ya kufagia alikikwangua kile kijia kwa kidole. Mchwa wakabaki wazi, jua likawachoma. Alipomaliza uwanja wote na kurudi pale ukutani, aliwakuta wamekauka na kujikunja kama maganda ya mtama. Semeni akajijibu mwenyewe: mchwa hawaliwezi jua, ndiyo maana wanakwenda wamejifunika.

Siku moja tena walikuwa wanatwanga uani, yeye na mama yake, jua limewaka. Mchi wa mama puu, mchi wa Semeni puu. Pembeni mwa kinu ardhi ikatoboka, kumbikumbi akachungulia. Akatoka. Akafuata mwenziwe.

"Mama, kumbikumbi hawa mbona wanatoka na mvua haipo?"

Mama akasema, "Twanga."

Akatwanga huku akitazama. Michi ikisimama, kumbikumbi wanarudi shimoni. Michi ikianza, wanatoka tena. Semeni akajijibu mwenyewe: huko chini hawayaoni mawingu. Wanaisikia mvua inavyopiga juu ya paa lao, na kumbe mchi nao unaweza kuwadanganya.

Mmeona? Hakuwa mganga huyu, hakuwa na hirizi. Aliuliza, hakujibiwa, akatazama. Nyinyi mna macho ya nini?

Siku moja tena alikwenda hadi barazani kwa Jumbe Kondo. Jumbe amekaa na wazee wenzake, kahawa mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, nani aliyeweka mwiko wa kichuguu?"

Jumbe akasema, "Tumeukuta."

"Na wale mliowakuta nao, waliupata kwa nani?"

"Wao nao waliukuta."

"Na wa kwanza kabisa, yeye aliambiwa na nani?"

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililowauma. Jumbe akatua kikombe. "Mama yake huyu yuko wapi? Njoo umchukue mwanao. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Mama akaja kwa haya, akamkamata Semeni mkono, na njiani akampa konzi. "Utatutia aibu na maswali yako. Sikio la kufa halisikii dawa." Semeni hakulia. Alikwenda ameuma meno.

Basi mvua ya kwanza ikanyesha. Watoto wakapewa vikapu. Semeni akamshika Chande mkono, wakaenda na wenzao. Kumbikumbi walikuwa wamefunika hewa. Watoto wanacheka, wanaokota, wanajaza. Chande akamwacha dada yake, akasogea karibu na lile tundu, maana hapo ndipo walipokuwa wengi.

Zimwi likatoka.

Lilikuwa jeupe na rojorojo kama tumbo la mchwa, kichwa chekundu, taya mbele, na macho halina. Lilikuwa likipapasa. Likampapasa Chande, likambeba kama mnavyobeba kumbikumbi, kwa vidole viwili. Watoto wengine wakakimbia. Semeni hakukimbia. Alilirukia, akalishika mguu kwa mikono yote miwili, lakini mguu ulikuwa na ute, ukamponyoka. Zimwi likaingia na mtoto, na huko ndani likaimba:

Mvua ya kwanza nateka,
mvua ya pili nala,
jua likiwaka nalala.

Semeni akapiga magoti pale kwenye matope akamwita mdogo wake. Chande akajibu kutoka ndani, kwa mbali, "Dada, hapa giza." Hayo ndiyo maneno aliyorudi nayo nyumbani.

Akawakuta wazee wamekusanyika. Jumbe Kondo ameshajiandaa. "Mvua imemchukua," akasema. "Ni mwiko kumlilia."

"Mvua haikumchukua," Semeni akasema. "Zimwi limemchukua. Nimelishika mguu. Bado hajaliwa, ataliwa mvua ya pili. Twendeni."

Hakuna aliyenyanyuka.

"Nani aliyeweka mwiko huu?"

"Tumeukuta."

"Nani aliyeuweka?"

"Tumeukuta, mtoto wewe."

"Zimwi linakula watoto wenu na nyinyi mnalilindia mlango. Nani aliyeuweka?"

Watu wazima, wenye mashoka na mikuki majumbani, wanatazama vidole vyao vya miguu. Nasema tena, ningekuwepo mimi.

Asubuhi yake jua likatoka kali. Lakini kule mbali, upande wa mvua inakotokea, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Semeni akaamka, akabeba mchi begani, akashika njia.

Mama yake akamzuia uani. "Unakwenda wapi na mchi?"

"Kukipiga."

"Semeni mwanangu, umemwona mwenzio alivyopotea, unataka na wewe nikukose?"

"Mama, nisikilize mara moja tu, halafu unipige ukitaka. Zimwi lile ni jeupe kama mchwa, rojorojo kama mchwa, halina macho kama mchwa. Umewahi kuona nyayo zake vumbini? Mimi nimeziona jana matopeni tu, na wimbo wake unasema jua likiwaka linalala. Linaliogopa jua. Na mvua haliioni, linaisikia. Tukikipiga kichuguu kama mvua inavyokipiga, litatoka. Likitoka litalikuta jua, na tukiliziba tundu kwa vinu halitarudi ndani."

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kumwambia, afagie au atwange, na halikuja.

Sasa nyumba ya pili alikaa mwanamke anaitwa Bi Somoe. Mwaka uliotangulia mwanawe Zaina ndiye aliyechukuliwa, na tangu siku hiyo Bi Somoe alikuwa hasemi na mtu. Alikuwa uani kwake, amesikia yote. Akauchukua mchi wake. Akakiinamisha kinu, akaanza kukivingirisha kwa mguu, akapita mbele yao bila salamu, akashika njia ya mbugani.

Mama Semeni alipoona hivyo akajitwika mtungi wa maji, akakibimbirisha kinu chake akafuata. Wanawake wengine wakachungulia milangoni. Kisha nao wakatoka, mmoja mmoja, wale ambao mvua iliwachukulia na wale ambao ilikuwa bado.

Jumbe Kondo akawakuta njiani na bakora yake. Akasimama katikati. "Rudini. Mtaleta balaa."

Bi Somoe akafungua kinywa chake kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. "Balaa ninalo nyumbani," akasema. "Linalala kwenye mkeka wa mwanangu kila siku. Pisha njia."

Akapisha.

Watu husema hasira hasara. Ni kweli, nami nimevunja vyungu vyangu wakati mwingine nikajuta. Lakini hasira ya siku ile mtu asiniambie ilikuwa hasara.

Wakafika. Vinu wakaviweka kando ya tundu, maji yakawekwa hapo hapo. Semeni akasema, "Tuanze polepole. Mvua haianzi kwa kishindo." Basi wakaanza kwa ncha za vidole, ti, ti, ti, kama matone ya kwanza. Kisha kwa viganja. Kisha wakainua michi, puu, puu, puu, kichuguu chote kikatetemeka. Mwiko wa kwanza ukavunjika hapo, na hakuna aliyekufa.

Kumbikumbi wakaanza kutoka kwenye jua kali.

Kutoka ndani zimwi likauliza:

Nani agonga, nani agonga?
Kama ni mvua, natoka.
Kama ni jua, nalala.

Hawakujibu. Wakatwanga.

Zimwi likauliza tena, sauti imesogea:

Nani agonga, nani agonga?
Kama ni mvua, natoka.
Kama ni jua, nalala.

Wakatwanga. Jasho linawatiririka, mikono inawaka moto.

Likauliza mara ya tatu, sasa liko mlangoni kabisa. Na kwa kuwa halikuwa jinga, likatoa kidole nje kupima. Kidole cheupe, kirefu, kikapapasa hewa. Kikiguswa na jua tu, kazi yote imeharibika. Mama Semeni ndiye aliyewahi. Alikitilia kivuli kwa upande wa khanga, akakimwagia maji ya mtungi, polepole, kama mvua.

"Ni mvua," likasema zimwi. "Mvua ya pili. Leo nala." Lakini lilikuwa na desturi ya kuoga mvua kabla ya kula, basi likatoka lote, kichwa, taya, tumbo na miguu, chini ya khanga ambazo wanawake wengine waliwahi kuzitanda juu yake.

"Sasa," akasema Semeni.

Wanawake wakavisukuma vinu mlangoni, kimoja juu ya kingine, wakaliziba tundu. Mama Semeni na wenzake wakazivuta khanga zao. Na jua likalipiga zimwi mgongoni.

Lilipiga kelele ya kukausha maziwa ya mama. Likageuka, likapapasa mlango, likakuta vinu. Likakwaruza, likasukuma, michi ikaliangukia vidole. Ngozi yake ikaanza kukakamaa.

"Nani kavunja mwiko wangu?" likalia.

Semeni akashusha mchi. "Wako?"

"Wangu. Mimi ndiye niliyeuweka. Nilikuja kwenu siku ya mvua, nimejitanda shuka. Nikalala nyumbani kwa babu yake Kondo, nikala wali wake, nikamwambia msikipige, msikikalie, msikiulizie, na watumeni watoto. Hakuniuliza kwa nini. Hata jina langu hakuniuliza."

Jumbe Kondo alikuwa amewafuata, amesimama kwa mbali. Alisikia kila neno, na kila mtu alimwona anasikia.

Zimwi likapasuka mgongo, likapasuka kifua, likaanguka madongo madongo. Wanawake hawakusema maliza wala hawakusema basi inatosha. Waliyatwanga yale madongo pale pale chini kama mtama, mpaka yakawa vumbi, na vumbi likaenda na upepo.

Basi wakaviondoa vinu. Semeni akaingia mwenyewe, anapapasa, anaita. Akatoka na Chande mgongoni, mzima, midomo inang'aa mafuta ya kumbikumbi, macho kayafumba kwa mwanga. Mama yake akampokea akakaa naye chini, akampapasa kila kiungo kama anamhesabu.

Lakini Semeni hakuwa amemaliza. Aliingia tena. Alipotoka safari hii khanga yake ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Akaiweka chini, akaifungua.

Zilikuwa shanga. Shanga za shingoni za watoto, za miaka yote, za kila rangi, nyingine uzi umeshaoza.

Wanawake wakazitambua. Kila aliyepotelewa akatwaa za mwanawe, na pale pale wakalia, kwa sauti, kilio cha miaka yote kwa siku moja. Huko mbali mawingu yakanguruma na mvua ya pili ikaanza kunyesha. Kumbikumbi wakajaa angani, na hakuna aliyeokota hata mmoja.

Bi Somoe hakulia. Alizipata shanga za Zaina, za bluu na nyeupe, alizotunga kwa mkono wake. Akazikung'uta udongo. Akainuka akaenda nazo mpaka mbele ya Jumbe Kondo.

Jumbe akasema, "Somoe, sisi tuliukuta."

"Najua mliukuta," akasema Bi Somoe. "Na mimi nilikuuliza mwanangu yuko wapi. Ulinijibu nini?"

Jumbe akahamisha bakora mkono wa pili.

"Na huyu msichana alikuuliza, mbele ya wazee wenzako, siku Chande akiwa bado nyumbani kwao anacheza. Ungesema sijui, tungetafuta. Neno moja tu, sijui. Lilikuwa zito kuliko mwanangu?"

Basi Bi Somoe akanyanyua mikono akamvika zile shanga shingoni, akazifunga fundo kwa nyuma kama unavyomfungia mtoto. "Usizivue," akasema. "Mtoto yeyote wa kijiji hiki akikuuliza ni za nani, mjibu."

Na hakuzivua. Alikuwa akikaa barazani pake na ndevu zake nyeupe na shanga za mtoto shingoni, na watoto ni watoto, walipita wakasimama. "Shikamoo babu. Babu, mbona umevaa shanga za mtoto? Ni za nani? Mwenyewe yuko wapi?" Na kila mara, kwa kila mtoto, ilimbidi ataje jina la Zaina na aseme yote tangu mwanzo.

Hadithi yangu imeishia hapo, barazani kwa Jumbe Kondo, mtoto kasimama mbele yake anangoja jibu.

Mtoto akiuliza, mjibu. Kama hujui, sema sijui, mkatafute pamoja. Na mwiko unaokataa kuulizwa una mwenyewe, basi mtafuteni mwenyewe kabla hajala mtu.